Laura Ingalls Wilder na Nchi ya Watu

Utungaji wa hadithi za watoto hudhaniwa na wengi kuwa kazi nyepesi, iwafaayo wale walioshindwa na kazi kubwa zaidi. Dhana hiyo haina msingi. Mtoto ni msomaji mkali: hana subira na maneno matupu, na akipokeacho akiwa mdogo hukaa naye mpaka uzeeni. Kwa hiyo hadithi ya watoto yastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo riwaya za watu wazima. Miongoni mwa watungaji waliokwisha kuwekwa katika mizani hiyo mara nyingi, na hukumu yao ingali haijatulia, ni mwanamke wa Marekani, Laura Ingalls Wilder, aliyeugeuza utoto wake katika nchi za magharibi ya taifa lile kuwa vitabu.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1867 karibu na Pepin, katika jimbo la Wisconsin. Baba yake, Charles Ingalls, alikuwa mkulima, mwindaji na mpiga fidla, mtu asiyetulia mahali pamoja. Mama yake, Caroline, alikuwa amewahi kuwa mwalimu, na alitamani maisha ya utulivu karibu na shule na kanisa. Jamaa hii ilihama kwa gari la farasi lililofunikwa kwa turubai: mwaka 1869 walikwenda Kansas, mwaka 1871 wakarudi Wisconsin, mwaka 1874 wakahamia Minnesota, ambako nzige walikula ngano yao, kisha wakaenda Iowa, wakarudi Minnesota, na mwaka 1879 wakafika Dakota. Laura alianza kufundisha shule kabla hajatimiza miaka 16. Mwaka 1885 aliolewa na Almanzo Wilder, na mwaka 1894 mume na mke walihamia Mansfield, Missouri. Huko alifuga kuku, akaandika makala katika gazeti la wakulima, na akafariki tarehe 10 Februari 1957, akiwa na umri wa miaka 90.

Kitabu chake cha kwanza, Little House in the Big Woods, kilitoka mwaka 1932, naye alikuwa na miaka 65. Vikafuata vingine saba, cha mwisho kikitoka mwaka 1943. Kimoja katika hivyo, Farmer Boy, chasimulia utoto wa mumewe. Vilivyosalia vyasimulia utoto wake mwenyewe. Kabla ya vyote hivyo alikwisha kuandika, kwa kalamu ya risasi katika madaftari ya shule, habari za maisha yake kwa ajili ya watu wazima. Maandishi hayo, aliyoyaita Pioneer Girl, yalikataliwa na wachapishaji mwaka 1930, na hayakuchapishwa kwa ukamilifu mpaka mwaka 2014. Kutoka kwayo ndiko vilikochimbuliwa vile vitabu vya watoto, kwa msaada mkubwa wa binti yake, Rose Wilder Lane, aliyekuwa mwandishi mashuhuri zaidi ya mama yake kwa wakati ule. Wahakiki wameshindana sana juu ya kiasi cha mkono wa binti katika kazi ya mama. Lililo bayana ni kwamba mama ndiye aliyeishi, akakumbuka na kuandika kwanza, na kwamba binti alichapa, akapanga, akakata na kuongeza.

Sifa ya kwanza ya vitabu hivi ni usahihi wa kazi. Mtungaji hasemi kwamba wazee wake walikuwa wachapa kazi. Aionyesha kazi yenyewe, hatua kwa hatua, mpaka msomaji aona kwamba angeweza kuifanya. Nyama ya paa yakaushwa kwa moshi ndani ya gogo lenye uwazi. Siagi ya majira ya baridi, iliyopauka, yatiwa rangi kwa maji ya karoti. Katika Little House on the Prairie, baba afanya mlango wa nyumba ya magogo pasipo hata msumari mmoja, kwa vigingi vya mti peke yake, na mtoto asimama akitazama kila kigingi kinapoingia mahali pake. Usahihi huo wampa mtoto msomaji heshima, kwa kuwa wamchukulia kuwa mtu awezaye kuelewa jinsi vitu vinavyofanyika.

Sifa ya pili ni lugha inayokua pamoja na mhusika wake. Kitabu cha kwanza kimeandikwa kwa sentensi fupi, kama masimulizi ya jioni kando ya moto. Vya mwisho vina sentensi ndefu, mawazo yenye mashaka, na msichana ambaye hakubaliani na kila asemalo mama yake. Mtoto aliyevisoma kwa mfuatano huona Laura akiongezeka umri katika maneno yenyewe.

Katika By the Shores of Silver Lake, kilichotoka mwaka 1939, mtungaji aeleza chanzo cha ufundi wake mwenyewe. Dada yake mkubwa, Mary, amepofuka kwa ugonjwa, na baba amwagiza Laura awe macho ya nduguye. Tangu siku hiyo kila akionacho apaswa kukisema kwa sauti. Safarini aieleza njia ya gari jinsi inavyokatika ghafla mbele yao penye ukingo wa nyika. Mary apinga: njia haiwezi kukatika, maadamu yaendelea mpaka huko waendako. Laura afikiri moyoni kwamba njia za kuona ni nyingi, na njia za kusema ni nyingi vile vile. Katika ukurasa ule mmoja mna elimu nzima ya fasihi. Mary adai ukweli wa mambo. Laura adai ukweli wa macho. Vitabu vyote vya Wilder vimejengwa juu ya dai hili la pili, na juu ya dai hilo ndipo vinapopaswa kuhukumiwa.

Ukweli wa macho una hila zake, kwa sababu ayachaguaye mambo ya kuonwa ni mtungaji. The Long Winter, cha mwaka 1940, ndicho kitabu chake chenye nguvu kuliko vyote. Chasimulia majira ya baridi ya mwaka 1880 na 1881 katika mji mdogo wa De Smet, theluji ilipoziba reli na treni zisirudi mpaka Mei. Kuni zikaisha, wakasokota nyasi kavu na kuzichoma. Unga ukaisha, wakasaga ngano kwa kisagio cha kahawa, wakipokezana mchana kutwa. Mafuta ya taa yakaisha, mama akafanya taa kwa kifungo, kitambaa na grisi ya magurudumu. Usiku mmoja baba atwaa fidla, na vidole vyake vilivyokakamaa kwa baridi vyashindwa kuipiga. Hakuna kilio katika ukurasa huo, wala maelezo. Fidla yanyamaza, na msomaji aelewa kwamba hatari imefika moyoni mwa nyumba.

Hata hivyo Pioneer Girl yaonyesha kwamba majira yale jamaa ya Ingalls haikuwa peke yake nyumbani. Mume na mke vijana pamoja na mtoto wao mchanga waliishi nao chini ya paa lile lile. Mtungaji aliwaondoa katika riwaya, ili upweke wa jamaa moja mbele ya tufani uonekane kamili. Kwa upande wa sanaa uamuzi huo ulikuwa mzuri. Kwa upande wa maana ulijenga picha ya watu wasiomhitaji mtu yeyote, na picha hiyo yajirudia mahali pengi. Riwaya yaacha ifahamike kwamba masomo ya Mary katika chuo cha vipofu cha Iowa yaliwezekana kwa jasho la jamaa yake. Kwa kweli ada yake ililipwa na serikali ya Dakota. Ardhi yao ya ekari 160 kule Dakota ilitolewa na serikali kwa sheria ya mwaka 1862. Rose Wilder Lane, aliyezichukia siasa za msaada wa serikali za miaka ya 1930, aliipenda sana picha ya mtu ajitegemeaye, na mama yake hakuwa mbali naye katika fikira hiyo.

Mabaya yaliyozidi kimo cha mtoto yaliachwa pia. Ndugu yao mdogo wa kiume, aliyezaliwa mwaka 1875 na kufa mwaka uliofuata, hayumo katika riwaya, wala haumo mwaka wa dhiki walioupitisha katika hoteli ya Iowa. Si haki kumlaumu mtungaji kwa hayo, kwa kuwa kila atungaye hupunguza. Lakini kupunguza mtu kutoka nyumbani mwako ni jambo moja. Kupunguza watu kutoka nchi yao ni jambo jingine, na hapo ndipo penye ugomvi mkubwa juu ya jina la Wilder.

Little House on the Prairie ilipotoka mwaka 1935, ukurasa wake wa kwanza uliieleza nchi ya magharibi kuwa nchi pana yenye wanyama wa mwitu, isiyo na watu, ikaaliwayo na Wahindi tu, kama walivyoitwa wenyeji wa bara lile. Maneno hayo yalisomwa kwa miaka 17 pasipo kusahihishwa. Mwaka 1952 msomaji mmoja aliwaandikia wachapishaji kulalamika kwamba sentensi ile yawatoa wenyeji katika hesabu ya wanadamu. Mtungaji, aliyekuwa na miaka 85, alikubali kwamba amekosea, na katika chapa ya mwaka 1953 neno la watu likaondolewa, likawekwa neno la walowezi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida mbele ya sentensi hiyo, kwa kuwa lugha yake yampa kipimo. Katika Kiswahili, kitu cha watu ni kitu chenye mwenyewe. Mtoto wa watu ni mtoto aliye na wazazi wake. Mali ya watu ni mali isiyoguswa bila idhini. Vivyo hivyo nchi ya watu ni nchi ya wenyewe, na aingiaye humo ni mgeni hata akijenga nyumba kwa vigingi vilivyo bora kuliko vyote. Ukisema kwamba nchi haina watu, umekwisha kusema kwamba haina mwenyewe. Kusahihisha neno moja, kwa hiyo, hakukuwa jambo dogo. Walakini neno lilibadilika na kitabu kilichofuata baada yake kikabaki kama kilivyokuwa.

Nchi ile ilikuwa na wenyewe wanaojulikana. Charles Ingalls alipofika Kansas mwaka 1869 na kujenga umbali wa maili 13 hivi kutoka mji wa Independence, alijenga ndani ya ardhi iliyotengwa kwa mkataba kuwa ya taifa la Osage. Maelfu ya walowezi wengine walifanya hivyo, wakikata miti na kulima pasipo ruhusa. Mwaka 1870 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuinunua ardhi hiyo, na Waosage, waliokwisha kusongwa pande zote, walikubali kuuza na kuhamia kusini, katika nchi ambayo leo ni Oklahoma. Riwaya yasema kwamba jamaa ya Ingalls iliondoka kwa sababu serikali ilikuwa yaleta askari kuwafukuza walowezi. Kwa hakika ardhi ilikuwa karibu kufunguliwa kwa walowezi wale wale. Sababu iliyo wazi ya kuondoka ni kwamba mtu aliyeinunua nyumba yao ya Wisconsin alishindwa kumaliza kulipa. Hivyo katika riwaya mvamizi amekuwa mwenye kuonewa, na aliyeonewa amekuwa tishio la usiku.

Kama kitabu kingeishia hapo, hukumu ingekuwa rahisi. Lakini ndani yake mna jambo linalokataa kunyamaza. Mapema katika hadithi Laura amwuliza mama yake kwa nini hawapendi Wahindi, na kama hawapendi, kwa nini wamekuja katika nchi yao. Mama hana jibu ila kwamba hajui kama nchi ni ya Wahindi au sivyo. Baadaye baba aeleza kwamba walowezi wakija Wahindi huondoshwa, wapelekwe mbali zaidi. Laura auliza kama hawatakasirika, maadamu nchi ni yao. Baba amwambia asiulize tena, alale.

Wasomaji wengi huyachukua maswali haya kuwa kumbukumbu za mtoto. Hesabu ya miaka yakataa. Laura aliingia Kansas akiwa na miaka 2, akatoka akiwa na miaka 4. Mtoto wa umri huo haulizi juu ya haki ya ardhi, na akiuliza hakumbuki maneno yake baada ya miaka 60. Riwaya imemwongezea umri makusudi. Basi maswali yale yaliwekwa kinywani mwa mtoto na mwanamke mtu mzima aliyekwisha kuyafikiri, naye ndiye aliyeamua kwamba baba, mtu ampendaye kuliko wote, asiwe na jibu. Waswahili husema macho hayana pazia. Mtungaji angeweza kulishusha pazia hapo kwa kumpa baba hoja nzuri ya kutuliza moyo. Hakufanya hivyo. Aliacha swali wazi, na swali hilo limewafikia mamilioni ya watoto.

Karibu na mwisho Waosage wapita mbele ya nyumba ya magogo, safu ndefu ya farasi, wanaume, wanawake na watoto, wakiihama nchi. Laura aona mtoto mchanga mwenye macho meusi, akutanisha macho naye, na kuangua kilio akimtaka awe wake. Wazazi wake waaibika, naye hawezi kueleza aliliacho. Baada ya safu kupita nyumba nzima yapooza, na hakuna atakaye chakula. Hapa uzuri na ubaya wa kitabu vyaonekana katika tendo moja. Kilio ni cha kweli, na ni maombolezo ya pekee wapewayo Waosage katika hadithi nzima. Lakini hata katika kuomboleza mtoto atamani kuchukua mtoto wa watu, kama baba yake alivyochukua nchi ya watu, na mtungaji hatoi dalili iliyo dhahiri kwamba ameuona ulinganifu huo.

Upungufu wa Wilder, basi, wapaswa kutajwa kwa jina lake halisi. Macho yaliyomweleza Mary kila unyasi wa nyika hayakuingia hata mara moja katika kambi ya Waosage wenyewe wakiwamo. Msomaji ajua jinsi mama wa Laura alivyooka mkate, na hajui mama wa Kiosage alipika nini jioni ile ile, umbali wa mwendo mfupi. Jirani mmoja atamka msemo wa kutaka Wahindi wote wafe. Baba aukataa, lakini hakuna Mosage aliyepewa nafasi ya kuujibu. Kadhalika katika Kansas jamaa nzima ilipougua malaria, waliyodhani imeletwa na matikiti maji, aliyewaponya alikuwa daktari mweusi, George Tann, mtu wa kweli aliyewatibu walowezi na wenyeji pia. Riwaya yamtaja kwa shukrani, kisha yamwacha. Na katika Little Town on the Prairie, cha mwaka 1941, baba na wenzake wajipaka nyuso masizi kuwaigiza watu weusi, na mji mzima wacheka pasipo swali lolote. Mtoto aliyeuliza kule Kansas hapa haulizi; mtungaji hakuliona la kuulizwa.

Afrika ya Mashariki inazijua hadithi za namna hii kwa pande zote mbili. Elspeth Huxley, katika The Flame Trees of Thika cha mwaka 1959, alisimulia utoto wake katika shamba la walowezi nchini Kenya kwa lugha nzuri na macho makali. Miaka mitano baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Weep Not, Child, alimwonyesha Ngotho akiitunza kama kibarua ardhi ya wahenga wake, iliyokwisha kuwa mali ya mlowezi Howlands. Msomaji akivisoma vitabu hivyo viwili kwa pamoja haachi kuuona uzuri wa kile cha kwanza, bali hupata kujua uzuri ule ulisimama juu ya ardhi ya nani.

Marekani pia ilipata jibu lake. Mwaka 1999 Louise Erdrich, mwandishi wa ukoo wa Ojibwe, alitoa The Birchbark House, hadithi ya msichana Omakayas katika kisiwa cha Ziwa Superior mwaka 1847. Humo mna kazi za mikono zilizoelezwa kwa usahihi ule ule, bibi mwenye hekima, dada mwenye majivuno na kaka msumbufu. Humo pia mgeni aingia kijijini na ndui mwilini, na watu wafa. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika historia ya bara lile methali hiyo iligeuzwa, na mtoto asomaye Erdrich aliona hilo kutoka ndani ya nyumba ya mwenyeji.

Mwezi Juni 2018 chama cha wakutubi wa watoto cha Marekani kiliondoa jina la Wilder katika tuzo iliyoanzishwa kwa heshima yake mwaka 1954, kikaiita tuzo ya urithi wa fasihi ya watoto. Chama kilieleza kwamba hakimkatazi mtu kuvisoma vitabu vyake. Wako waliosema kwamba mwanamke mkongwe ameonewa na zama zisizo zake. Wako waliosema kwamba hatua hiyo ilichelewa. Pande zote mbili zilikuwa zabishana juu ya heshima. Tuzo ni alama ya heshima, na chama kina haki ya kuchagua jina ambalo mtoto wa Kiosage anaweza kulipokea pasipo kuumia. Kitabu ni jambo jingine: hakiombi kuheshimiwa, chaomba kusomwa.

Na kusomwa kwake kwafaa kuwe kamili. Mwalimu ampaye mwanafunzi The Long Winter amweleze pia juu ya wanandoa walioondolewa katika nyumba ile, ili aone jinsi riwaya inavyoundwa kwa kuchagua. Ampaye Little House on the Prairie asiruke kurasa zinazochukiza. Asimame penye swali la Laura na ukimya wa baba yake, ampe mwanafunzi historia ya mkataba wa Osage na kitabu cha Erdrich, kisha amwache aseme mwenyewe. Laura aliagizwa awe macho ya nduguye asiyeona, akaitenda kazi hiyo kwa ufundi ambao watungaji wachache wa watoto wameufikia. Swali alilolituma kwa baba yake halikujibiwa katika riwaya zake zote nane. Mtoto wa leo akiuliza, anastahili mtu mzima asiyemwambia alale.